Mama Deki na Vipandio Sabini na Viwili

Kwa miaka ishirini na miwili Mama Deki alisafisha ngazi za jengo moja la ofisi, ghorofa nne, vipandio sabini na viwili, na mwaka ule wa mwisho hakuna aliyejua kwamba hawezi kuzishuka.

Alizishukaje basi? Kinyumenyume. Apigaye deki ngazi huanzia juu, akarudi nyuma kipandio baada ya kipandio, asikanyage palipolowa. Wenzake walimwona mchapakazi. Kumbe akirudi nyuma hivyo goti la kulia linamsamehe. Akigeuza uso mbele tu, maumivu yanaizunguka pia ya goti kama mtu anayeibandua kwa kijiko. Aliyafungia kinywani. Mkataba ulikuwa wa mwaka mmoja mmoja, na nyumbani alikuwa na mjukuu anayesoma na hana mwingine wa kumtazama ila yeye.

Siku moja msimamizi mpya, kijana mwenye suruali iliyonyooka kwa pasi hata ukiigusa unajikata, aliwakusanya wasafishaji chini ya ngazi.

"Kwenye jengo letu jingine kuna mama ameanguka, amevunjika kiuno. Sasa basi, hakuna tena kushuka kinyumenyume. Mnadeki upande mmoja, upande wa pili unabaki mkavu, na mtu anashuka uso mbele, ndoo mkono huu, mkono huu umeshika chuma. Nawapa wiki sita mzoee. Halafu nitamtazama kila mmoja. Asiyeweza, mkataba wake unaishia hapo."

"Hata Mama Deki?" akadakia Kijembe, mwenzao mwenye mdomo. "Huyu mimi namjua kwa mgongo. Nikikutana naye sokoni simsalimii, simjui sura!"

Wakacheka. Mama Deki naye akacheka.

Jioni ileile alikwenda zahanati. Mtaalamu wa mazoezi, binti wa umri wa kitinda mimba wake, alilipapasa goti, akalikunja, akalikunjua. Mfupa hauna neno, akasema. Misuli ya paja na nyonga imelegea, pia ya goti inakwenda kombo. Dawa yake mazoezi. Kwanza, kukaa kitini na kunyoosha mguu mpaka uhesabu kumi. Pili, kulala ubavu na kuinua mguu. Tatu, kusimama juu ya kigoda, uso mbele, na kuushusha mguu mzima sakafuni polepole, goti bovu likibeba uzito.

"Likiuma kidogo, endelea, mama. Likiuma mpaka kesho yake, punguza. Ila usiache."

Mawili ya kwanza aliyafanya kila alfajiri, mlango ameukomea, mjukuu asione. La tatu alilijaribu mara moja, likamchoma, akalipa kisogo. Akiulizwa zahanati anajibu, "Yote nafanya, mwanangu."

Wiki ya tatu binti akasogeza kigoda. "Nionyeshe."

Mama Deki akapanda. Akageuka, akashuka kinyumenyume.

"Mama, mbona unanipa mgongo?"

Uso ulimwiva. Tangu azaliwe hajawahi kukamatwa na uongo mbele ya mtoto wa kumzaa.

"Naogopa," akasema. "Kazi yangu imesimama juu ya goti hili."

Binti hakumgombeza. Akaondoa kigoda, akalaza ubao sakafuni, unene wa vidole viwili. "Tuanze na huu. Wiki ijayo mbao mbili. Kigoda kitasubiri."

Siku ya kutazamwa ikafika, asubuhi, ofisi hazijafunguliwa. Kijembe alitangulia, akashuka kama mbuzi. Kisha Mama Deki akainua ndoo iliyojaa.

Kipandio cha kwanza, mkono umeng'ang'ania chuma. Mguu wa kushoto ukitangulia, goti la kulia ndilo linalobeba. Liliuma. Linauma kidogo au linauma sana? Akajiuliza hivyo kila kipandio. Ghorofa ya pili maji yakayumba, yakamlowesha kiatu. Jasho likamwingia machoni, na mkono wa kulifuta hana.

"Mama, mbona polepole?" Msimamizi alikuwa nyuma yake.

"Ulisema nishuke, baba. Hukusema nimkimbilie nani."

Kijembe, huko chini, hakucheka. Alikuwa ameshika mdomo.

Vikabaki vipandio kumi. Vitano. Goti likatetemeka, akalingoja litulie, akashusha mguu. Sakafu.

Msimamizi akaandika kitu kwenye karatasi yake. "Umepita. Lakini kesho ni hivihivi, na keshokutwa."

"Najua."

Alitamani kwenda stoo ajifungie. Hakwenda. Aliketi pale pale kwenye kipandio cha mwisho, mbele ya macho yao wote, akanyoosha mguu wa kulia, akaanza kuhesabu kwa sauti.

"Dada, unafanya nini?" Kijembe akauliza kwa upole asiouzoea.

"Nakunywa dawa," akajibu. "Usinipotezee hesabu. Nne."