Uyoga wa Njiani

Wakati wa vita vya Kagera tulihama Shinyanga kwenda Bugarama, ambako baba mdogo alikuwa amepata shamba katika kijiji cha ujamaa. Tulipopita Runazi tukakuta gogo limelazwa barabarani. Mgambo mwenye bunduki akamwamuru baba avue viatu, aketi chini. Hatukuwa na barua ya mwenyekiti wa kijiji, na siku hizo mgeni asiye na barua aliitwa jasusi. Baba angesubiri mkubwa wa yule mgambo aje aamue.

Niliogopa sana. Mama, na mdogo wangu mgongoni, hakulia. Aliwasha moto kando ya njia, akasonga ugali kwa unga wetu wa mwisho. Mboga ilikuwa uyoga aliouchuma asubuhi kwenye kichuguu, akautia chumvi tu. Kwetu Usukumani anayeheshimiwa hupakuliwa kwanza, na mama alitaka sana kumlainisha mtu huyu. Sisi watoto hakutupakulia. Akapiga goti, akamsogezea sahani.

"Kalibu chakula, baba."

Mgambo akaruka nyuma, akamwelekezea bunduki. Hatukujua kwamba kwa watu wa huko mpishi huonja kwanza mbele ya mgeni, ionekane hakutia sumu. Asiyeonja ana lake jambo.

"Mbona huonji? Unataka kuniua? Kula wewe!"

Nikashusha pumzi. Kumbe ni kuonja tu! Lakini mama alikuwa amekauka uso. Akamega tonge, akachovya, akameza. Akamega tena. Mgambo alimkodolea macho kwa muda mrefu, kisha akaketi akala mpaka akalamba vidole. Alipomaliza akamrudishia baba viatu.

"Haya, potea, mzee. Mkubwa asiwakute hapa."

Tulienda mbio mbio bila kugeuka. Tulipokata kona baba akauliza, "Uyoga ule unaufahamu?"

"Wa kwetu naufahamu," mama akasema. "Huu nilitaka kwanza nimwone mwenyeji akiula."

Baba akasimama. Mama hakumtazama. Alimfungua mtoto mgongoni, akamfunga mgongoni kwangu kwa kanga ileile, akakaza fundo.

"Mbebe wewe. Nikianguka, asiumie."

Akatangulia. Nikamfuata, macho yangu kwenye miguu yake.