Mchana wa Majani ya Mpera

Wiki iliyopita, pale maabara, mwenzangu alinionyesha kisahani alichooteshea bakteria wanaosababisha kuharisha. Alipodondoshea maji ya majani ya mpera palibaki duara safi, hapakuota kitu.

"Umeona? Yanawaua kabisa," akasema kwa furaha.

Mimi nilisikia harufu ya sufuria ya bibi.

Mchana ule wa utotoni mwangu, nyumbani kwetu kando ya ziwa, mdogo wangu Kabula alikuwa anaharisha tangu asubuhi. Bibi alichemsha majani ya mpera mpaka nyumba nzima ikanukia, akamnywesha, kisha akafunika mtungi wa maji.

"Bibi, maji," Kabula aliomba.

"Ukinywa maji utaharisha zaidi, mjukuu wangu. Ngoja kwanza dawa ikaushe tumbo."

Kwetu kila mtu aliamini hivyo. Nje, mawimbi yalikuwa yanapiga mawe, na Kabula akageuza kichwa kuelekea sauti hiyo ya maji.

Nilikaa karibu yake nione dawa inavyofanya kazi. Midomo yake ilipoanza kukauka, nilifurahi. Alipolia bila hata tone la chozi, nilimkimbilia bibi uani.

"Bibi, imeanza kukausha!"

Bibi akamshukuru Mungu.

Jioni Kabula aliacha kuharisha. Kulia alikuwa ameshaacha, na alfajiri hakuamka tena.

Mwenzangu bado alikuwa ameshika kisahani, akisubiri niseme neno.

"Dawa ni nzuri," nilimwambia. "Ila siku ukiwapelekea watu, waambie kwanza wampe mtoto maji."