Rangi ya Lango Kwenye Jeki

Wote waliowahi kuazima jeki yetu nawakumbuka kwa majina, hata yule aliyeirudisha na matope. Sitawataja. Wengine tunakaa nao benchi moja kanisani.

Huku kwetu Kanja, kukiwa na matanga au harusi, vitu vinatoka kila boma: sufuria, viti, karai. Kwa hivyo kila boma lina rangi yake. Yetu ni buluu, ile ya lango. Vyangu vyote nimevipaka, na jeki niliipaka kuliko vyote, kwa sababu ndiyo ilikuwa inatamaniwa. Ni ile kubwa ya mafuta, inalala chini na ina magurudumu yake. Marehemu mzee wangu aliinunua ikiwa kuukuu. Sasa ni binti yangu anainulia magari, maana kazi yake ni kuziba pancha. Bila hiyo hana kazi.

Mwaka jana ikaanza kushuka yenyewe. Anapampu, gari linapanda, halafu linarudi chini polepole kama mtu anayesinzia. Siku moja lilimshukia karibu na mguu. Tukaipeleka Ishiara kwa fundi.

Fundi aliizunguka, akaigonga na spana, akauliza hii ni jeki gani. Nikamwambia ni yetu. Akasema tuiache mpaka Alhamisi, na hapo ndipo moyo wangu ulikataa. Chuma cha zamani ni kizito, cha siku hizi ni kama bati, na yeye anajua. Angeweza kutoa matumbo yake atuwekee ya jeki nyingine. Basi binti yangu akimpa namba ya simu, mimi nilijifanya nafunga kiatu, nikazungushia nati ya chini uzi mwekundu wa kiondo. Kutia mafuta hakuhitaji nati hiyo, lakini matumbo hawezi kuyatoa bila kuutoa uzi.

Alhamisi nilifika kabla ya binti yangu. Jeki niliyoikuta ubavu wake ulikuwa umekwanguliwa mpaka chuma. Buluu yangu imekuwa vumbi pale chini. Nikainama. Uzi hakuna.

"Hii si yangu," nikasema. Sikupaza sauti, lakini watu wa kibanda cha chai waligeuka.

"Ni yenu, shosho," fundi akasema, akiniita nyanya. "Njoo uone."

Pale alipokwangua akanionyesha kibati kidogo cha ukubwa wa kidole gumba, kina herufi na namba. Mimi kusoma ni kidogo, lakini namba nazijua. Akanieleza kwamba alikuwa ametia mipira ya kuzuia mafuta kwa kukisia mara mbili, na mara zote mbili mafuta yakavuja. Jeki za zamani kwa nje zinafanana, ndani kila moja ina kipimo chake. Ikabidi akwangue atafute namba ndipo apate mipira yenyewe.

"Ulikuwa unaipaka lini?" akauliza.

"Kila Krismasi."

"Basi umelizika jina lake, shosho. Nilikuwa naona lako tu."

Bado sikuamini. Nikachungulia gurudumu la nyuma, lile mzee wangu alilichongea bushi, kile kipete cha katikati, ya mti wa muiri alipokosa ya chuma. Bushi ilikuwapo. Fundi akaleta kifuniko cha mkebe: ndani mna mipira ya zamani, imepasuka kama visigino vyangu, na juu yake uzi wangu umekunjwa vizuri.

"Huu nao ni wako. Ungekuwa polisi wewe."

Sikucheka. Nilimwambia ainue kwa jeki hiyo pikapu iliyokuwa hapo, nikasimamisha kijiti chini ya bampa, kikigusa tu. Ikishuka, kitavunjika. Nikanywa chai vikombe viwili nikikitazama. Binti yangu akafika, akauliza natazama nini, nikamwambia anyamaze. Kijiti hakikupinda.

Nyumbani nilifungua mkebe wa rangi nikapaka mkono wa jeki peke yake. Kibati nilikiacha. Na binti yangu, kabla ya kuchuchumaa kando ya gari, bado anasukuma gogo chini yake, jeki isije ikashuka tena. Mimi husimama mlangoni mpaka nione amelisukuma.