Shangazi Mariam Poni na Gari Lisilo na Magurudumu

Likizo ya Agosti mwaka 1991 nilitoka shuleni Mvara, mjini Arua, nikafika Koboko, na nilichokiona nyuma ya soko kilinifanya niweke sanduku langu chini. Shangazi yangu Mariam Poni, muuza samaki wakavu, mama wa watoto wanne, alikuwa amekaa ndani ya pikapu iliyokufa. Gari hilo halikuwa na injini wala kioo, na mahali pa magurudumu palikuwa na magogo manne. Shangazi alishika usukani kwa mikono miwili, jasho limelowesha kitambaa chake cha kichwa, na mzee aliyekaa kando yake alikuwa ananguruma kwa mdomo kama lori linalopanda mlima.

"Shangazi, habari ya siku nyingi?"

"Hapana salimia mimi sasa," akasema bila kugeuza kichwa. "Niko kwa kona."

Nikabaki nimesimama. Wauza nyanya hawakushangaa hata kidogo. Mmoja akamwita, "Mama Sule, umefika wapi?"

"Bado Maracha."

"Ukifika Arua niletee sukari."

"Wewe subiri. Gari yako ya kuleta sukari iko na magogo," akajibu mwingine, na soko zima likacheka. Shangazi hakucheka. Alikanyaga klachi, akavuta gia, na yule mzee akapunguza mngurumo wake kwa utaratibu, kama injini kweli.

Usiku ule aliniambia sababu. Shangazi alizaliwa Dranya. Mume wake alikuwa askari, na vita vya mwaka 1979 vilipopita hakurudi. Yeye akavuka mpaka na watoto, akakaa Zaire karibu miaka saba akilima mashamba ya watu. Aliporudi Dranya alianza na samaki wa kujaza sahani moja. Halafu mwaka uliotangulia jirani yake Celestina, mkimbizi kutoka Sudan, alishikwa na uchungu wa kuzaa. Walimpakia kwenye baiskeli kumpeleka Koboko kwa daktari, Shangazi akisukuma. Mtoto alizaliwa njiani, chini ya mvua, na hakulia.

Sasa zahanati ya Dranya ilikuwa imepewa pikapu ya kubeba wagonjwa. Gari lilikuwa bado Arua. Kamati ya zahanati ilisema mtu yeyote wa Dranya akileta pamiti ya kuendesha kabla Agosti haijaisha, kazi ni yake na gari litalala Dranya. Asipopatikana, litakabidhiwa dereva wa mjini, nalo litalala Arua. Kutoka Arua mpaka Dranya, mama mwenye uchungu atangoja mpaka lini?

"Mimi nitaleta hiyo pamiti," Shangazi akasema. Hakuwa amewahi kuendesha hata baiskeli.

Mwalimu wake, Mzee Amandu, alijifunza udereva huko huko Zaire, wakati wa ukimbizi, akibeba kahawa kwenye malori. Ile pikapu ilikuwa yake. Alirudi nayo ikivutwa kwa kamba, na injini aliiuza. Chini ya pedali alikuwa amefunga mipira ya tairi ili zirudishe mguu. Asubuhi zote za likizo nilikaa pale kwenye ndoo nikisikiliza, na mafundisho yake nayakumbuka kuliko ya darasani.

"Kwanza kiti," alisema. "Mutu nakaa mbaya, naendesha mbaya. Goti iwe imekunja kidogo. Hapana lalia usukani kama mama mgonjwa."

Halafu, "Angalia mbali. Wewe naangalia boneti. Boneti haiendi mahali, iko yako tayari."

Kona aliifundisha siku tatu. Breki unashika mapema, kabla ya kona, gari likiwa limenyooka. Ndani ya kona unageuza tu, polepole, na mafuta unarudisha unapoiona njia upande wa pili. "Hapana geuza kama unasonga ugali," akamwambia.

"Ugali wangu hujala," Shangazi akajibu. "Ungekula ungenyamaza."

Na kulikuwa na mbuzi. Katikati ya mngurumo Mzee Amandu angesema ghafla, "Mbuzi," na Shangazi alipaswa kukanyaga breki bila kupindisha usukani. Mwanzoni alipindisha kila mara. "Umeokoa mbuzi, umeua watu ndani," Mzee alisema, na safari ikaanza tena kutoka Koboko.

Kufikia wiki ya tatu Shangazi aliweza kwenda mpaka Arua na kurudi bila kosa, kila shimo, kila daraja, na gari halijasogea hata unyayo mmoja.

Jumatatu ya wiki ya mwisho ya Agosti tukapanda lori la muhogo, sisi watatu. Pikapu ya zahanati ilikuwa inatungoja juu Arua Hill, nyeupe, na mpimaji, Bwana Okuonzi, amesimama kando yake na karatasi zake. Akampa Shangazi ufunguo. Shangazi akashukuru, akafungua mlango wa kushoto, akaingia, akarekebisha goti, akanyoosha mikono.

Hakukuwa na usukani.

Mbele yake kulikuwa na kisanduku cha kuwekea karatasi tu. Usukani ulikuwa upande wa kulia, mbali, kama wa mtu mwingine. Nikamtazama Mzee Amandu. Uso wake ulikuwa umekauka. Gari lake la sokoni lilitoka Zaire, na Zaire dereva anakaa kushoto, gari linapita kulia. Yeye mwenyewe hakuwahi kuendesha gari la Uganda. Nasi kwetu Koboko malori yanatoka Zaire, yanatoka Sudan, yanatoka Kampala, mengine usukani huku, mengine kule, na barabara ni mitaro miwili tu, kwa hiyo kila mtu anapita katikati. Mimi nimepanda basi mara ngapi? Sikuwahi kujiuliza dereva anakaa upande gani.

"Mama," Bwana Okuonzi akasema, "leo ni wewe unanipima mimi?"

Watu waliokuwa kwenye foleni wakacheka. Shangazi alishuka, akazunguka gari, akakaa kulia. Mkono wake wa kulia ukaitafuta gia, ukashika mpini wa mlango. Bwana Okuonzi akaingia kushoto. Shangazi akawasha, akaondoka, na kwenye mteremko akachukua upande wa kulia wa barabara, moja kwa moja, kwa utulivu wa mtu anayejua anachofanya. Lori likapanda kutoka chini.

Mimi nilifunga mdomo kwa mikono miwili. Gari lilisimama limenyooka kabisa, bila kupinda, hatua tano mbele ya lile lori.

Walirudi polepole. Bwana Okuonzi alikuwa amelowa jasho. "Breki kama hiyo sijaona mwaka huu," akasema. "Lakini ungetuua. Siwezi kukupa."

"Nipe siku nyingine."

"Alhamisi. Baada ya Alhamisi, hakuna tena mwezi huu."

Mzee Amandu alisema kwa sauti ndogo, "Mama Sule, mimi ndiye nimekuharibu."

"Miguu hujaharibu," Shangazi akajibu. "Ni mikono tu."

Tulilala kwa rafiki wa Shangazi, Mvara. Asubuhi Shangazi akaazima mfuniko wa sufuria, akatoka barabarani. Akaushika mfuniko kama usukani na kuanza kutembea ukingo wa kushoto, akinguruma kwa mdomo, mkono wa kushoto ukibadilisha gia hewani. Nyuma yake, Mzee Amandu. Nyuma yake, mimi, nikiomba nisikutane na mtu wa darasa langu.

"Ile gia ya kwanza ilikuwa inakuja kwako," Mzee alimwambia. "Sasa nakukimbia. Ifuate."

Wenye baiskeli waliwapisha. Mwanamke mmoja aliniuliza kama mama yule alipata ugonjwa vitani. Shangazi alisikia, akashika breki, akamwambia, "Dada, kaa upande wako," akaendelea. Siku mbili nzima, kutoka Mvara mpaka juu Arua Hill na kurudi. Jioni ya pili unyayo wake ulikuwa umepasuka.

Alhamisi aliomba akae garini kwanza, injini imezimwa. Bwana Okuonzi akasimama dirishani akimtazama mwanamke mzima akifumba macho na kunguruma. Nafikiri hakujua aite nani. Kisha Shangazi akafumbua macho, akamngoja mpimaji aingie, akawasha, akachukua kushoto, akazunguka mlima wote akarudi. Mpimaji alishuka akaandika, akampa karatasi. Mzee Amandu aliichukua, akaisoma upande mmoja, akaigeuza upande wa pili ambao haukuwa na kitu, akausoma nao.

Wiki ileile, kabla sijarudi shuleni, gari liliitwa kutoka kijiji cha ndani cha Dranya. Nilipanda nyuma na mgonjwa na mama mkwe wake.

"Dereva ni nani?" bibi aliuliza.

"Mariam Poni."

"Mwanamke?" Akashuka. Akazunguka mpaka dirishani, akamwangalia Shangazi juu mpaka chini. "Wewe nani alikufundisha?"

"Panda, Mama," Shangazi akasema. "Mtoto hangoji."

Bibi akapanda, akashika ubao wa gari kwa mikono yote miwili, na hakuuachilia mpaka tulipofika Koboko.