Bastola ya Nasser

Nilikwenda Maskati kwa sababu ya mkono wangu wa kulia. Bi Zuwena, mke wa mjomba wangu Seif, alinipigia simu nikiwa Lindi. Mjomba, fundi wa bastola za gumegume, alikuwa ameshindwa kuimaliza bastola aliyokuwa akimtengenezea mwanawe Nasser. Nasser alikufa kwa ajali ya gari kwenye barabara ya mlimani, akirudi kwake Al Amerat kutoka kazini.

"Mkono wako na wa Nasser ulikuwa mmoja," alisema Bi Zuwena. "Njoo umshikie mjomba wako amalize, apumue."

Ni kweli. Nasser alipokuja Unguja likizo za utotoni tulikuwa tukibandikana viganja, kidole juu ya kidole, hakuna kilichozidi. Mimi ni mtu wa kuhamahama, kuondoka hakunisumbui. Safari hii niliufunga mkoba polepole.

Kutoka uwanja wa ndege, teksi ilipita Qurum kwenye majumba meupe yasiyo na mtu nje, hadi Darsait, ambako nguo huanikwa kwenye vibaraza vya ghorofa. Mjomba anakaa juu. Karakana yake iko chini, ubavuni mwa fundi viyoyozi.

"Ushaoa, au bado wabeba mkoba tu?" aliniuliza mlangoni.

"Bado, mjomba."

"Basi huo mkoba ndo mkeo."

Alicheka. Kisha akaushika mkono wangu, akaugeuza, na kicheko kikaisha.

Karakanani, bastola ilikuwa imebanwa kwenye jiliwa. Mtambo ulishakamilika zamani: nyundo iliyoshika jiwe kwa kipande cha ngozi, na bamba la chuma ambalo jiwe hulikwaruza likatoa cheche. Kilichobaki ni mpini. Mjomba hachongi mpini kwa rula. Huuchonga kwa kiganja cha mwenye bastola: unashika, anapunguza, unashika tena. Nasser aliwahi kushika mara moja tu.

Kila alasiri nilishika. Mjomba aliniuliza kama kidole kinafika, kama pana panaponibana. Siku moja nikamwonyesha mahali pa kupunguza, chini ya gumba.

"Hapo sipagusi," alisema. "Wewe mkono ushanenepa kwa kubeba mizigo ya watu. Yeye wake wa ofisini. Hapo angetaka pabaki."

Akaendelea na tupa, macho yakiwa pengine kabisa. Bi Zuwena alituletea kahawa na tende, akaviondoa kahawa imepoa na tende hazijaguswa.

Siku ya kumaliza, mjomba alivaa kanzu safi. Bi Zuwena alikwisha kunieleza desturi yake. Bastola haitoki karakanani mpaka itoe cheche mkononi mwa mwenyewe, bila baruti, mjomba akiwa ameshika mtutu. Halafu mjomba huuliza kama imepokewa, mwenyewe hujibu, ndipo mjomba anapoachia.

Nilivuta nyundo nyuma, nikafyatua. Cheche zilimwagika, zikazimika juu ya kidole changu.

"Nasser," mjomba alisema, "umeipokea?"

Nilifungua mdomo. Nikisema nimeipokea, namdanganya mzee. Nikisema mimi siye, namzika mwanawe mara ya pili.

Bi Zuwena alikuwa amesimama mlangoni na sinia.

"Kaipokea, Seif," alisema. "Iachie."

Mjomba alimtazama mkewe. Kisha akaachia. Sikuwa tayari kwa uzito wa bastola. Ikaning'inia mkononi mwangu, mtutu ukielekea sakafuni.

Nilirudi Lindi wiki hiyo. Bastola haikuwa yangu kuibeba. Bi Zuwena aliiweka kabatini, kwenye nguo za marehemu.

Nimeaga watu wengi katika maisha yangu, na kila mara mimi ndiye niliyekuwa nikiondoka. Nilidhani mwenye safari ndiye mwenye kazi. Darsait, kwa mara ya kwanza, nilisimama upande wa wanaobaki, na nikaona kazi nzito iko huko.