Sataranji ya Mishono

Harufu ya pasi ya mkaa juu ya kitambaa chenye unyevu hunirudisha Bukoba, enzi ya Mwingereza, nilipokuwa na miaka kumi na moja na sijui kusoma. Nasimulia, binti yangu anaandika. Baba yangu, Tata, alilima kahawa Kimwani. Alinileta Bukoba nikae kwa shangazi nisome shule ya misheni. Lakini herufi za ubaoni hazikuniheshimu hata kidogo. Nikizikazia macho zilisukumana, zikapandana, zikabadilishana nafasi. Nilipomwambia Mwalimu kwamba zinahama, darasa zima liliangua kicheko, naye akanichapa kwa kusema uongo.

Jirani yetu Fundi Athumani, mshona nguo ambaye babu yake alitoka pwani, ndiye aliyenifundisha sataranji. Ubao wake ulinishinda: vile vyumba vyeusi na vyeupe vilitetemeka mpaka kichwa kikaniuma. Fundi hakunicheka. Aliunga vipande vya kaniki nyeusi na marekani nyeupe, sitini na vinne, kwa mishono minene, akaniambia, "Fumba macho, mjukuu wangu. Tazama kwa vidole." Kwa kawaida ukigusa kete umecheza, sisi tuliafikiana kwamba kugusa si kucheza, kuinua ndiko kucheza. Kufikia msimu wa senene nilikuwa namfunga karibu kila siku, naye akilalamika kwamba nimemkosesha adabu mbele ya wateja.

Mwisho wa mwaka wangu wa pili shuleni Mwalimu alimwita Tata, akamwambia mimi ni mzito, nirudi nyumbani nikapalilie migomba. Fundi alipandwa na hasira. Akawaalika wote wawili barazani kwake, akamtaka Mwalimu, aliyejigamba kwa sataranji mji mzima, acheze nami. Nilifumba macho. Vidole vilipita taratibu, farasi kwa masikio yake, ngome kwa kichwa chake bapa. Chai haijapoa, nikasema, "Samahani, Mwalimu, mfalme wako hana pa kwenda."

Mwalimu aliinama kukagua kitambaa. Tata alisimama, akaketi, akasimama tena. Nilianza kutabasamu, nikijua nimeokoka. Ndipo Mwalimu akamgeukia: "Umeona mwenyewe, mzee? Akili anazo tele! Kumbe miaka yote miwili ametufanyia kiburi tu."

Tata, aliyenipenda kuliko wote, akanitazama kama mgeni. "Koku, ulikuwa unatudhihaki?"

Fundi alipiga kelele kunitetea, hakuna aliyemsikiliza. Kesho yake nilirudishwa Kimwani, si kwa ujinga tena, bali kwa jeuri.

Wahenga walisema usilolijua ni usiku wa giza. Leo kitukuu wangu anasoma shule ya Kibeta, naye herufi zinamhama. Juzi mwalimu wake, binti mdogo kabisa, alinieleza kwa upole kwamba macho ya mtoto ni mazima, ubongo ndio unaochanganya anachokiona. Atampa maandishi makubwa na muda zaidi. Nilimshangaa: amemwelewa mtoto kwa dakika tano tu, na bila kiboko! Akanisogezea karatasi ya kukubali, nitie sahihi. Nikamwomba wino, nikaweka dole gumba.