Kinga ya Mdomo

Ujumbe wa mwalimu wa hoki ulikuja kwa Kiingereza, na Kiingereza changu ni cha hotelini: taulo, sabuni, karibu tena. Nikamtumia jirani yangu Mkenya, nesi, tunayeishi naye jengo moja hapa Abu Hamour, huku Uarabuni, anitafsirie. Alikuwa anawahi zamu. Akaniandikia kwa kifupi: mtoto asiende mazoezini bila kinga ya mdomo.

Baada ya ile korona, nani asiyejua kinga ya mdomo? Nikanunua pakiti ya barakoa, tena za buluu, zifanane na jezi.

Binti yangu ana miaka kumi na moja. Siku ya kwanza alirudi akaniambia, "Mama, wenzangu wanavaa kitu cha plastiki ndani, kwenye meno."

Nilikuwa hoi, nimetandika vitanda kutwa kule hotelini West Bay. Nikamjibu, "Wewe kila cha wenzio unakitaka. Hicho kitakukaba." Akaendelea kuvaa barakoa, na mwalimu hakuweza kuona kama chini yake meno yako wazi. Mtoto wangu ni msikivu, na huo usikivu wake ndio unaonikata maini.

Wiki ya tatu mpira ulimpata mdomoni. Nilipofika, barakoa imelowa damu na meno mawili ya mbele hayapo. Moja tuliliokota uwanjani. Nikalifuta vizuri, nikalifunga kwenye tishu, nikalishika mkononi njia nzima. Daktari akauliza kwa nini sikulitia kwenye maziwa. Jino likikauka hivyo halishiki tena. Duka la maziwa liko mkabala na geti la shule.

Meno yake ya utotoni tuliyarusha juu ya paa, tukaomba mapya. Haya ndiyo yalikuwa mapya.

Jirani alikuja kunipa pole. Nilikuwa nimemwekea maneno makali, lakini alianza kulia yeye. "Woiye, mi nilijua tu umeshika ni ya meno," akasema.

"Na mie nilijua najua," nikamwambia. Hapo nikakosa wa kumlaumu, na hilo ni baya kuliko kuwa naye.

Hoki ameacha. Barakoa hajaacha. Kila asubuhi anachomoa moja, anaivaa kabla hajatoka chumbani, na akiulizwa shuleni kama ana mafua anaitikia kwa kichwa. Jana pakiti ilikwisha. Akaniomba nyingine, nami nikaenda kununua.